Shemeji Aliyetaka Kunyolewa

Kinyozi hajinyoi, na aliyemnyoa Lucius Pettway ni mimi. Kila Jumapili baada ya ibada nilikwenda kwake, tukakaa kwenye baraza ya nyuma, mkewe Verdine akaleta taulo, nami nikampunguza nywele. Dukani asingeweza kunyolewa, ingawa duka lilikuwa lake. Lilikuwa ghorofa ya chini ya Hoteli ya Ashmore, katika mji wetu wa Dorrance, jimbo la Georgia, na waliokaa kwenye viti vyake walikuwa Wazungu tu. Sisi vinyozi wanne tulikuwa weusi.

Anayesikia hivyo leo hudhani nimekosea kusema. Sikukosea. Duka lilifunguliwa na baba yake Lucius, enzi za farasi, wakati Wazungu wa kwetu walipoona kunyoa ni kazi ya mtumishi. Mzee yule aliwanyoa majaji na wenye viwanda vya pamba, na mara moja gavana aliyekuwa safarini. Alipofariki alimwachia mwanawe viti vinne vya kuzunguka, vya chuma na ngozi nyekundu, pamoja na kanuni moja: mtu mweusi hakai hapa. Akikaa mmoja leo, kesho Mzungu haji, na Mzungu asipokuja familia nne hazili. Kanuni hiyo haikuandikwa mlangoni. Watoto wa kwetu waliijua kama walivyojua mahali mto ulipo na kina.

Mtaani kwetu, ng'ambo ya reli, watu hawakumpenda Lucius kwa jambo hilo, lakini walimheshimu. Alikuwa na nyumba ya matofali. Paa la kanisa alilitengeneza yeye. Wazungu walimwita Lucius, na vijana wao walimwita Mjomba, ingawa hakuwa mjomba wa yeyote kati yao, na yeye akawaita Bwana hata wale aliowanyoa nywele zao za kwanza. Sisi tulimwita Mzee Pettway. Akishapita, wachokozi walimwita Kinyozi wa Mabwana.

Aliyethubutu kumwita hivyo usoni alikuwa mmoja, shemeji yake Thaddeus Broome, mdogo wake Verdine. Thaddeus alifundisha sayansi kwenye shule yetu ya sekondari. Alikuwa mtu mrefu, mkimya darasani na mchokozi mezani. Kwa miaka thelathini mashemeji hao waliishi kwa utani uleule.

"Shemeji, lini utaninyoa?"

"Ukibadilika rangi."

"Nikijipaka unga je?"

"Unga wa kutosha uso huo haujasagwa."

Watu walicheka, sahani ya kuku ikapita upande wa pili. Nilikuwepo mara nyingi, na sikumbuki hata siku moja Thaddeus akicheka kwa macho.

Mwanzoni mwa Julai mwaka 1964 rais alitia sahihi sheria mpya. Hoteli, mikahawa na majumba ya sinema visimkatae mteja kwa sababu ya rangi yake. Vinyozi kwa ujumla waliachwa nje, lakini ilielezwa kwamba duka la kinyozi lililomo ndani ya hoteli linafuata hoteli yake. Mjini Dorrance duka la namna hiyo lilikuwa letu peke yake.

Jumanne iliyofuata dukani hapakuzungumzwa kingine. Bwana Hollis Tarver, mwenye kiwanda cha kuchambua pamba, alikuwa amelala kwenye kiti cha Lucius, povu limemfika masikioni.

"Mimi sina ugomvi na mtu mweusi," alisema. "Lucius ananijua. Ninachouliza ni hiki. Mtu amenunua kiti kwa jasho lake, halafu serikali inamwambia nani akikalie. Kiti hicho bado ni chake?"

"Si chake," akajibu mmoja aliyekuwa akisubiri.

"Akikosea kuchagua wateja, atapata hasara mwenyewe. Hiyo ndiyo adhabu yake. Polisi wanahusikaje? Lucius, wewe mwenye duka unasemaje?"

"Nasema uinue kidevu, Bwana."

Wakacheka. Lucius akapitisha wembe kooni kwa Tarver kwa utaratibu wake wa siku zote, kutoka chini kwenda juu, na mazungumzo yakahamia kwenye mvua.

Jumapili barazani nilimuuliza swali hilohilo.

"Tarver hajasema uongo, Odell," alisema. "Kiti ni changu. Nilishika fagio pale nikiwa na miaka tisa. Mtu wa Washington ambaye hajawahi kushika wembe ananiambia nini?"

"Kwa hiyo wewe uko upande wa Tarver."

"Niko upande wa watu wanne wanaokula kwenye duka lile, na wewe ni mmoja wao. Angalia hapo nyuma ya sikio, umeruka."

Alhamisi, saa nne asubuhi, Thaddeus Broome aliingia dukani. Alivaa koti lake la kufundishia na tai, na joto lile. Alivua kofia, akasema habari za asubuhi, akakaa kwenye kiti cha kusubiria karibu na rafu ya magazeti. Wazungu watatu waliokuwa ndani waligeuka kumtazama. Nilisikia saa ya ukutani ambayo kwa kawaida husikii ukiwa kazini.

Lucius alimmalizia mteja wake, akamkung'uta mabega, akamsindikiza mlangoni. Kisha akarudi akasimama mbele ya shemeji yake.

"Verdine mgonjwa?"

"Dada mzima. Nimekuja kunyolewa."

"Jumapili njoo nyumbani. Odell atakunyoa."

"Jumapili nitakuja kula. Leo nimekuja kunyolewa."

"Thaddeus, huu si utani."

"Najua, Mzee Pettway. Sijakuja na utani. Naomba kama mteja."

Kabla ya siku hiyo Thaddeus hakuwahi kumwita Mzee Pettway. Lucius akakunja taulo lililokuwa mkononi, akalikunja tena mpaka likawa dogo kama kitabu.

"Hatunyoi watu weusi hapa," alisema.

Aliisema kanuni hiyo kwa mdomo wake mwenyewe, na kwangu ilikuwa mara ya kwanza kuisikia ikitamkwa. Thaddeus akasimama, akavaa kofia, akasema ahsante, akatoka. Mmoja wa Wazungu alimpigapiga Lucius begani. Lucius akasogea kando, akaenda kunoa wembe ambao ulikuwa mkali tayari.

Wiki tatu baadaye ililetwa karatasi ya mahakama. Thaddeus alikuwa amefungua shauri, na wakili kijana kutoka Atlanta alimsimamia bila malipo. Shauri la kwanza la sheria mpya katika wilaya yetu likawa la mtu mweusi kumshtaki mtu mweusi, tena shemeji yake, na Wazungu waliona Mungu amewapa zawadi. Gazeti la mji lilichapa picha ya Lucius amesimama kando ya kiti. Barua za pongezi zilikuja kutoka majimbo ambayo hakuwahi kufika. Mama mmoja wa Kizungu alimtumia mkate wa matunda ya pichi. Tarver alikuja mwenyewe kumwambia kwamba yeye na wenzake wamemtafutia wakili, asiwe na wasiwasi wa chochote.

"Safari hii si mimi ninayesema, Lucius. Ni wewe," alimwambia. "Nani atasema una chuki na watu weusi?"

Kanisani watu waliacha kukaa benchi lake. Hakuna aliyemtukana, ila kila Jumapili benchi lilibaki na nafasi kulia na kushoto. Verdine alikaa naye, lakini kila Jumatano alipeleka chakula kwa Thaddeus kama kawaida. Siku moja Lucius alimuuliza yeye anaona nani ana haki.

"Mmoja ni mume wangu, mwingine ni damu yangu," alisema Verdine. "Mkimaliza mniambie nipike kwa watu wangapi."

Shauri lilisikilizwa mwezi wa Oktoba, kwenye mahakama ya serikali kuu, mwendo wa saa moja na nusu kutoka kwetu. Nilimwendesha Lucius kwa gari lake. Asubuhi mawakili walisema mengi juu ya biashara na mipaka ya serikali. Wakili wa Lucius, mtu wa nywele nyeupe mwenye sauti nzuri, alisema uhuru wa kuuza ni pamoja na uhuru wa kukataa kuuza, na kwamba asiyeweza kusema hapana, ndiyo yake haina maana. Lazima niseme alinivutia. Yule kijana wa Atlanta aliuliza, mtu anayesafiri na watoto wake, akikataliwa nyumba ya kwanza, na ya pili, na ya ishirini, uhuru wa nyumba hizo ishirini unamwachia yeye uhuru gani. Hilo nalo lilinivutia.

Mchana mahakama ilipumzika. Tarver na wakili walikwenda kula kwenye mkahawa ng'ambo ya barabara. Walipofika mlangoni Tarver akageuka.

"Lucius, ninyi subirini kwenye gari. Tutawaletea kitu."

Walituletea mikate ya nyama ya nguruwe kwenye karatasi. Tukala garini, madirisha yakiwa wazi. Kwenye benchi la mahakama, chini ya ukuta, Thaddeus alikuwa akila kutoka kwenye kopo la bati, na nililitambua kopo lile, ni la jikoni kwa Verdine. Lucius alilitambua pia. Sisemi kwamba mkate ule ndio uliomgeuza. Alikwisha kula mikate mingi ya namna hiyo maishani mwake, na ule aliumaliza wote.

Saa nane alipanda kutoa ushahidi.

"Lucius," wakili wake alianza, "vile viti ni vya nani?"

"Vyangu."

"Siku ile ya Julai, kuna mtu aliyekulazimisha kumkataa mlalamikaji?"

"Aliyenishika mkono? Hapana."

"Kwa hiyo ulimkataa kwa hiari yako."

"Hiari," Lucius alisema, kama mtu anayejaribu kiatu. Kisha akamgeukia jaji. "Mheshimiwa, naweza kulieleza neno hilo?"

Wakili alisema hakuna haja. Jaji, mzee mwembamba mwenye mafua, alisema shahidi aeleze.

"Nimeshika wembe miaka arobaini na saba," Lucius alisema. "Tangu asubuhi naambiwa sheria hii itaninyang'anya uhuru wa kuchagua wateja. Sijawahi kuwa nao, Mheshimiwa. Wateja ndio wanaonichagulia wateja. Mimi nikisema leo namnyoa huyu, kesho nitaulizwa kwa nini, na sina jibu hata moja watakalolikubali. Nikisema kwa sababu ni shemeji yangu, sivyo. Kwa sababu ni mwalimu, sivyo. Nikisema kwa sababu nataka, hilo ndilo baya kuliko yote. Lakini ukiniamuru, nitakuwa na jibu."

Jaji alifuta pua. "Unaiomba mahakama iamue ushindwe?"

"Naomba iniamuru. Na iwaamuru na wengine siku hiyohiyo, kama inaweza, maana nikiwa peke yangu nitafilisika."

"Unaiona sheria hii ni nzuri?"

"Sijasema hivyo, Mheshimiwa. Kiti ni changu, na sipendi kuambiwa. Ila kama ni lazima niambiwe, afadhali uniambie wewe kwa maandishi kuliko wao wanavyoniambia kwa macho."

Ukumbini hakuna aliyecheka. Wakili wa nywele nyeupe alikaa chini, akaanza kupanga karatasi zake. Tarver aliangalia mbele tu, shingo imemwiva nyekundu, shingo ambayo Lucius alikuwa akiinyoa kila wiki kwa miaka ishirini na sita.

Tulishika njia ya kurudi Dorrance, tukavuka mto. Hapo nikamuuliza alikusudia kusema vile tangu lini.

"Sikukusudia," alisema. "Nilikwenda kusema alivyonifundisha yule wakili. Nikaulizwa kwa kiapo."

Amri ilitoka baada ya siku kumi na mbili. Lucius aliisoma amesimama, akaitia kwenye fremu ya kioo iliyokuwa na picha ya baba yake, mbele ya picha, akaitundika dukani. Jumamosi ile duka lilijaa. Wengine hawakuwa na nywele za kukata, walikuja kutazama. Tarver alikuja pia, jambo ambalo sikulitegemea, akakaa kwenye kiti changu, nikampaka povu.

Thaddeus aliingia saa tatu. Lucius akakung'uta kitambaa, akamwonyesha kiti cha kwanza.

"Karibu, Bwana Broome."

"Ahsante, Mzee Pettway."

Nilikuwa nimekwisha kulinyoa shavu la kulia la Tarver. Aliinuka taratibu, akachukua taulo, akafuta povu upande wa kushoto, akavaa kofia, akatoka akiwa na ndevu za upande mmoja. Wawili wakamfuata. Waliobaki walibaki, ama kwa kupenda ama kwa udadisi, sijui.

Hapo ndipo tulipogundua jambo ambalo hakuna wakili wala jaji aliyelifikiria. Lucius hakujua kunyoa nywele zetu. Miaka arobaini na saba mikono yake ilizoea nywele zinazolala. Alichukua chanuo na mkasi kama alivyozoea, chanuo likakwama. Alikata kushoto, kulia kukawa juu. Alisawazisha kulia, kushoto kukabaki na shimo. Jasho lilimtoka. Baada ya nusu saa alimgeuza shemeji yake kwenye kioo, kwa sababu ndiyo desturi.

Thaddeus alijitazama kwa muda mrefu. Akageuza kichwa upande huu na upande ule.

"Shemeji," alisema, "kumbe hiki ndicho ulichokuwa ukininyima miaka yote?"

Lucius ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mgongo wa kiti, na Thaddeus naye akacheka, na safari hii macho yake yalicheka pia. Mimi nikachukua mashine, nikaokoa kilichookoleka. Kilibaki kifupi sana.

Haukuwa mwisho mwema, kama mtu anautafuta. Kufikia Krismasi zaidi ya nusu ya Wazungu walikuwa wamehama. Wengi walikwenda kwa kinyozi wa Kizungu barabarani, ambaye duka lake halikuwa ndani ya hoteli na sheria haikumgusa. Wenzetu wawili waliacha kazi. Mwezi wa Machi hoteli ilitutaka tuondoke, ikisema inakitaka chumba kile kiwe cha mizigo. Tulibeba viti viwili kwa lori, vingine vikauzwa, tukafungua duka ng'ambo ya reli, karibu na kanisa.

Hakuna aliyekuja. Watu wetu walipita nje wakatusalimu kwa heshima, wakaenda kunyolewa kwa Simms, kinyozi wao wa miaka yote, ambaye mikono yake ilitetemeka. Sheria ilimkataza Lucius kuwakataa watu, lakini hakuna sheria iliyowakataza wao kumkataa yeye. Mtu mmoja alichungulia akauliza, "Mzee Pettway, mabwana hawajafika leo?" akaenda zake.

Thaddeus alikuja kila siku baada ya shule. Hakuwa na nywele za kutosha kukatwa kila siku. Alikaa kwenye kiti cha kusubiria akasahihisha madaftari ya wanafunzi, watu wamwone. Wiki tatu zilipita hivyo. Siku nyingine Lucius alimnolea mkasi mtu ambaye hayupo, akaurudisha kabatini.

Jumapili ya nne, wakati wa matangazo kanisani, Verdine alisimama. Si mtu wa kusema hadharani.

"Mume wangu ana kiti, na ninyi mna nywele," alisema. "Sikuombeni mumsamehe. Naomba mwende mkamwambie mnavyomwona. Mwambieni akiwa anawanyoa, ili hapo hapo na mikono yake ifanye kazi." Akakaa. Wanawake wakaguna, na mchungaji akasoma tangazo la kwaya.

Jumanne asubuhi alikuja Ezell Minter, mzee aliyefanya kazi ya reli maisha yake yote. Hakusalimu. Alipanda kwenye kiti, akaegemea, na Lucius akamfunika kitambaa.

"Mwaka wa thelathini na nane," Ezell alisema akitazama dari, "nilikuja pale hotelini asubuhi ya mazishi ya mama yangu. Nilitoka zamu ya usiku, nina ndevu za siku nne, na Simms alikuwa hajafungua. Nilisimama mlangoni tu. Ukanitazama, ukatikisa kichwa. Nikamzika mama yangu vile vile."

"Nakumbuka," alisema Lucius.

"Hukumbuki."

"Nakumbuka. Ulivaa suti ya kahawia."

"Ya kijivu."

"Kahawia, Ezell. Na kofia ulikuwa umeishika mkononi."

"Suti ilikuwa yangu. Nitaisahauje rangi yake? Kijivu."

Lucius akapiga povu kwenye bakuli, akampaka mashavuni, akanoa wembe mara tatu kwenye mkanda wa ngozi. Mkono wake ulikuwa umetulia. Walibishana rangi ya suti ile mpaka ndevu zikaisha, hakuna aliyekubali, na Ezell alipotoka nje wawili walikuwa wamesimama mlangoni wakingoja zamu.